HDL ikiwa juu haiifuti LDL

Wiki haipiti bila mgonjwa kunisomea majibu ya maabara hivi: "Daktari, LDL ni 4.8, lakini HDL nayo ni 2.2, si zinasawazishana?" Hazisawazishani. LDL na HDL ni chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu (namba hizo ni za mmol/L); LDL huitwa "kolesteroli mbaya", HDL "kolesteroli nzuri". Na wanaochapisha "kolesteroli nzuri" kwenye mabango ya kliniki wanatuongezea kazi.

Mwanzo wa ugonjwa wa mishipa ya moyo ni chembe zenye protini iitwayo ApoB: LDL, masalia ya VLDL (chembe zinazobeba trigliseridi, yaani mafuta, kutoka kwenye ini), na Lp(a), chembe ifananayo na LDL ambayo kiwango chake hurithiwa. Zinapenya endothelia (utando wa ndani wa ateri), zinanaswa kwenye intima (tabaka lililo chini yake), zinaoksidishwa, makrofaji (seli za kinga) zinazibugia hadi zenyewe zinageuka seli za povu zilizojaa mafuta, na inflamesheni, yaani uvimbe wa kinga ya mwili, inawaka ndani ya ukuta wa ateri. Chembe zikiwa nyingi na miaka ikiwa mingi, ukuta unazidi kuharibika. Hapo sina la kubishana na mtu.

Ubishi uko kwenye HDL. Ni kweli wenye HDL ya chini huugua moyo zaidi. Lakini watazame ni akina nani: wengi wana kisukari, kitambi, trigliseridi za juu, au wanavuta sigara. Kama HDL yenyewe ndiyo ingekuwa kinga, kuipandisha kungeokoa watu. Ikajaribiwa. Torcetrapib ya Pfizer iliipandisha kwa takriban asilimia 72, na jaribio lake, lenye wagonjwa zaidi ya 15,000, likasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa zaidi. Watetezi wa HDL wakasema kosa ni la dawa yenyewe, maana ilipandisha na presha. Hoja ya haki. Basi ikaja dalcetrapib, dawa ya jamii hiyohiyo: HDL ikapanda, moyo haukufaidika. Niasini (vitamini B3) ikaongezwa juu ya statini, dawa ya kushusha LDL: vilevile. Mwaka 2012 wanajenetiki wakaonyesha kwamba watu waliozaliwa na badiliko la jeni la LIPG linaloipandisha HDL maisha yao yote hawakupungukiwa na shambulio la moyo. Tunataka ushahidi gani tena?

Tena namba ile inapima kolesteroli iliyobebwa na HDL, haipimi kazi inayofanywa. Mwili ukiwa na inflamesheni, amiloidi A ya seramu, protini inayoongezeka wakati huo, inajipachika kwenye HDL na kuisukuma nje apoA-I, protini kuu ya HDL, na uwezo wake wa kutoa kolesteroli kwenye makrofaji unapungua. Kwa hiyo 2.2 ya mtu mmoja na 2.2 ya mwingine huenda zisifanane kabisa, na cheti cha maabara hakitakuambia.

Kwamba inflamesheni yenyewe inaua, jaribio la CANTOS la 2017 lilinishawishi: dawa ya canakinumab ilizuia interlukini-1 beta, kichochezi cha inflamesheni, na kupunguza matukio ya moyo kwa karibu asilimia 15 bila kuigusa LDL, ingawa vifo vya maambukizi viliongezeka. Kuitibu ndiko kunakonipa shaka. Methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza inflamesheni, haikufaa kitu mwaka 2018. Kolchisini, dawa ya jongo (gauti), ilituinua mioyo katika jaribio la COLCOT la 2019, kisha jaribio kubwa zaidi la 2024, CLEAR SYNERGY, halikuona faida. Siwezi kumwandikia kolchisini kila aliyepata shambulio la moyo nikajifanya nina uhakika.

Kwa hiyo cheti kikifika mezani, nasoma LDL na kolesteroli yote ukitoa ile ya HDL, na kwa mwenye historia ya moyo katika ukoo naomba Lp(a), angalau mara moja. HDL naiangalia mwisho. Ikiwa chini, namuuliza mtu kuhusu sukari, sigara na kiuno chake. Ikiwa juu, dozi ya statini inabaki palepale.