Mafunzo ya Uuguzi Tanzania: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wazazi wengi bado huamini kwamba uuguzi ni kimbilio la mtoto aliyeshindwa na masomo ya sayansi. Ukweli ni kwamba anayeomba stashahada ya uuguzi na ukunga hutakiwa awe amefaulu baiolojia, kemia na fizikia katika kidato cha nne, na akishapokelewa hukutana na anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na elimu ya dawa. Hata hesabu za kawaida huwa na uzito mwingine. Mtoto akiandikiwa miligramu 200 za amoksilini, na dawa iliyopo ina miligramu 125 katika kila mililita 5, mwanafunzi hana budi kujua bila kubahatisha kuwa atampa mililita 8. Darasani, kukosea nukta ya desimali hupunguza alama. Wodini, kosa hilohilo huweza kuongeza dozi mara kumi.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi ni ile inayosema mafunzo ya vitendo ni kutandika vitanda, kuogesha wagonjwa na kutumwa maabara. Kazi hizo zipo na hazistahili kudharauliwa, kwani anayemwogesha mgonjwa asiyejiweza ndiye huwahi kuona ngozi iliyobadilika rangi kisiginoni au kiunoni kabla haijawa kidonda. Hata hivyo, mwanafunzi huzungushwa katika wodi za watu wazima, watoto, upasuaji na afya ya akili, na huko leba hujifunza kujaza patografu, yaani chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu: mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi kuelekea 10, mapigo ya moyo wa mtoto yako kati ya 110 na 160 kwa dakika au yameshuka, na ni wakati gani daktari aitwe bila kusubiri. Kila tendo huandikwa katika daftari la mazoezi na kusainiwa na msimamizi. Msimamizi anayesaini kazi ambayo hakuishuhudia humdhulumu mwanafunzi na humhatarisha mgonjwa atakayefuata.

Kuhusu madai kwamba hii ni kazi ya wanawake, inatosha kusema kuwa vigezo vya kujiunga havibagui jinsia.

Wapo pia wanaodhani kwamba mahafali ndiyo mwisho wa safari. Stashahada huchukua miaka 3, na shahada miaka 4 ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo tarajali hospitalini. Lakini cheti cha chuo pekee hakimpi mtu ruhusa ya kumhudumia mgonjwa. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ruhusa hiyo hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo humpima mhitimu kwa mtihani wake, humsajili, kisha humpa leseni. Mwajiri anayempangia mhitimu zamu akiwa bado hana leseni hiyo anakwenda kinyume cha sheria, hata kama wodi ina upungufu mkubwa wa wauguzi.