Wadadisi wa malaria wakipiga hodi: maswali ya wazazi wa Tabora

Wamekuja watu na vishikwambi, wanataka kumtoboa mwanangu kidole. Ni akina nani?

Kama wameletwa na mwenyekiti wa kitongoji na wana vitambulisho, huenda ni wadadisi wa utafiti wa taifa unaosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Wizara ya Afya. Utafiti wa namna hii hupima malaria na upungufu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Omba vitambulisho bila woga, kisha wasikilize. Mtoto hatobolewi mpaka mzazi au mlezi aridhie, na ukikataa, huduma zako za zahanati hazipungui.

Mbona wamekuja kwangu, jirani wamemruka?

Ni bahati nasibu. Mwaka 2022 yalichaguliwa maeneo 629 nchi nzima, na katika kila eneo kaya 26. Hakuna aliyewaambia kwamba kwako kuna ugonjwa. Ila kwa vile kaya ni chache hivyo, kila mlango unaofungwa ni pengo. Nyumba zenye watoto wanaougua mara kwa mara zikiwafungia wadadisi zaidi ya nyingine, hesabu ya mkoa itasema tuna nafuu tusiyokuwa nayo.

Hiyo damu inapelekwa wapi?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na nalipa uzito, maana mzazi anayelinda damu ya mwanawe hana kosa. Matone machache yanatoka kwenye ncha ya kidole, au kisigino kwa mtoto mchanga zaidi. Tone moja linawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kilekile cha zahanati, na jingine linapima wingi wa damu. Majibu unaambiwa palepale. Mtoto akikutwa na malaria ya kawaida, timu inampatia dawa mseto kwa kufuata mwongozo wa taifa. Akiwa na dalili za hatari anapewa rufaa. Kama alimaliza dawa wiki mbili zilizopita, waambie, kwa sababu kipimo hiki kinaweza kuendelea kuonyesha malaria hata baada ya mtoto kupona.

Uliza pia kuhusu kibali. Tafiti za afya nchini hupitiwa na kamati ya maadili iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambayo ina kituo hapa hapa Tabora.

Na sisi Tabora tumeonekanaje?

Vibaya. Mwaka 2022 tulishika nafasi ya kwanza nchini: takriban watoto 23 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na malaria, wakati wastani wa taifa ni 8. Mwaka 2017 waliokuwa juu ni jirani zetu wa Kigoma, kwa 24. Lakini tahadhari: utafiti wa 2017 ulifanyika Oktoba hadi Desemba, ule wa 2022 Februari hadi Julai, na mbu hawazaliani sawasawa miezi yote. Anayelinganisha miaka hii miwili bila kutaja majira anaharakisha mno.

Wakishajua, kinabadilika nini?

Dawa, kwanza. Wazee wanaikumbuka klorokwini. Vipimo vilipoonyesha kwamba inashindwa kwa takriban nusu ya wagonjwa, serikali iliiacha mwaka 2001 na kuweka SP, kifupi cha sulfadoksini na pirimethamini. Nayo ilipochoka, mwaka 2006 tukahamia dawa mseto. Sasa watafiti wamekuta mkoani Kagera, hasa Karagwe, vimelea vya malaria vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini, kiungo kikuu cha mseto. Dawa bado inaponya. Kwa hiyo namsihi kila mzazi: mseto ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili ikitolewa saa 8 zikishapita tangu ya kwanza, na inywewe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Vidonge vinavyobakizwa kwa ajili ya homa ya mtoto mwingine vinawalea vimelea sugu.

Takwimu za malaria za namna mbalimbali pia hutumika kugawa halmashauri kwa kiwango cha hatari, na mgawanyo huo unasaidia kuamua vyandarua na dawa ya kuua viluilui vya mbu viende wapi kwanza.

Mwanangu alikuwa anachemka, kipimo kikasema hana malaria, nikanyimwa mseto. Ni haki?

Ni sahihi. Mwongozo unataka kupima kabla ya kutibu. Ila usiondoke hivi hivi; uliza homa inatokana na nini, kwa sababu inaweza kuwa nimonia au maambukizi ya mkojo. Akipata degedege, akitapika kila kitu au akilegea, rudi saa hiyo hiyo, hata usiku.

Nina mimba na sina chandarua. Nianzie wapi?

Kliniki, mapema. Chandarua kinatolewa bure hudhurio la kwanza, na mtoto anapata chake anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Kuanzia muhula wa pili wa mimba utapewa SP, angalau mara 3, kwa kuachanisha mwezi mmoja au zaidi. Ndiyo, ni ile SP iliyoachwa kutibu wagonjwa. Kwa mjamzito bado inamkinga mama na mtoto aliye tumboni. Kama unatumia kotrimoksazoli (dawa ya kuzuia maambukizi, wengi huiita Septrini), mwambie muuguzi kabla hujameza SP, kwani dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja.