Kansa kwa wanaume, kaunti za mjini na za vijijini: hivi viwango vinamaanisha nini hasa

Kila ripoti ya kansa ikitoka watu wanakimbilia swali moja tu, kaunti gani inaongoza. Na wanaume ndo wanabishana zaidi hapo, wa mjini anasema nyinyi wa ushago mnaponzwa na pombe kali na chai ya moto, wa ushago anajibu nyinyi mnaponzwa na chipsi na moshi wa matatu. Shida ni kwamba wote wanabishania namba moja wakati namba ziko mbili, na usipozitenganisha hutaelewa kitu kwenye hii mada, utabaki kubeba vichwa vya habari tu.

Namba ya kwanza ni ya visa vipya. Yaani ukichukua wanaume laki moja wa hiyo kaunti, ni wangapi wamegundulika na kansa ndani ya mwaka mmoja. Namba ya pili ni ya vifo, kwenye laki moja hao hao ni wangapi kansa imewaua mwaka huo. Hiyo laki moja imewekwa ili kaunti ya watu milioni nne na kaunti ya watu elfu kumi zipimwe kwa kipimo kimoja, haimaanishi lazima kaunti iwe na wanaume laki moja. Sasa angalia vizuri hilo neno nimetumia, wamegundulika. Namba ya visa vipya haihesabu wanaume wenye kansa, inahesabu wanaume ambao kansa yao imeonekana hospitali, ikapimwa na ikaandikwa kwenye rejista. Mzee aliyeugua miezi minane nyumbani akazikwa bila kupimwa hayumo humo.

Mfano mzuri kuliko yote ni Marekani kwa sababu wana kaunti zaidi ya 3,000 na wamekuwa wakiandika kansa kwa muda mrefu. Wao wamezigawa hivi: kaunti yenye mji wa watu 50,000 kwenda juu inahesabiwa ya mjini, na zile jirani zake ambazo watu wengi wanatoka asubuhi kwenda kufanya kazi kwenye huo mji nazo zinaingia huko huko. Zinazobaki ndo za vijijini, na zina watu kama milioni 46, asilimia 15 hivi ya nchi. Julai 2017 CDC, ile taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, ilitoa ripoti iliyolinganisha pande hizi mbili na matokeo yakawa ya kushangaza kidogo. Visa vipya vya kansa zote kwa jumla vilikuwa vichache kidogo vijijini kuliko mjini. Lakini vifo, wanaume na wanawake pamoja, vilikuwa 180 kwa kila watu laki moja vijijini na 158 mjini. Soma tena hapo: kijijini wanagundulika wachache, wanakufa wengi. Halafu vifo vilikuwa vinapungua pande zote mbili ila mjini vinapungua kwa asilimia 1.6 kwa mwaka na kijijini asilimia 1.0, kwa hiyo pengo lilikuwa linazidi kupanuka wakati kila upande ukionekana unapata nafuu.

Kwa wanaume ukitaka kuelewa inakuwaje, usiangalie kansa kama kitu kimoja, chukua kansa ya tezi dume na kansa ya mapafu uziweke ubavu kwa ubavu maana zinaenda kinyume kabisa.

Tezi dume visa vyake vipya viko juu zaidi mjini. Je, wanaume wa mjini wana tezi dume mbovu zaidi? Hapana, sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kansa za tezi dume nyingi zinakua polepole mno, mwanaume anaweza kuwa nayo akafika miaka 85 akafa kwa kitu kingine kabisa na asijue. Kwa hiyo pale ambapo madaktari wanapima sana, wanaziona nyingi, zikiwemo zile ambazo zisingemsumbua mtu. Marekani walianza kutumia hicho kipimo kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980 na visa vipya vikapanda ghafla hadi kilele mwaka 1992, sio kwamba ugonjwa ulilipuka, walikuwa wanaokota vilivyokuwepo tayari. Mwaka 2012 jopo lao la wataalamu likasema tusiwapime wanaume wasio na dalili, visa vikashuka. Mwaka 2018 jopo hilo hilo likalegeza, likasema mwanaume wa miaka 55 hadi 69 akae na daktari wake waamue pamoja. Yaani namba imepanda na kushuka kwa maamuzi ya madaktari, kwa hiyo mtu akikwambia kaunti fulani ya vijijini ina kansa kidogo ya tezi dume usishangilie, uliza kwanza huko kipimo kinapatikana wapi na ni wanaume wangapi wanakifikia. Mimi kwa tezi dume naiamini zaidi namba ya vifo, ya visa naichukulia kama kipimo cha upimaji.

Mapafu hayana mchezo huo. Kansa ya mapafu ikiachwa haikai kimya miaka ishirini, itajionyesha, na kwa bahati mbaya wengi inawaua, kwa hiyo namba ya visa na namba ya vifo zinatembea karibu karibu. Na hapa vijijini Marekani viko juu kwa zote mbili, visa na vifo. Sababu kubwa ni sigara, wanaume wa kaunti za vijijini wanavuta zaidi kuliko wa mjini na wanakutana na moshi wa wengine zaidi. Ukienda mashariki ya Kentucky, kule kwenye milima ya Appalachia, unakuta vitu vimerundikana mahali pamoja: jimbo lililolima tumbaku vizazi na vizazi, migodi ya makaa ya mawe, na gesi ya radoni inayotoka ardhini kwenye miamba na kujikusanya vyumba vya chini vya nyumba, nayo inaleta kansa ya mapafu hata kwa asiyevuta, na kwa mvutaji inazidisha. Kentucky iko kileleni mwa nchi nzima kwa kansa hii miaka mingi. Utumbo mpana nao unafuata mkondo huo huo, vijijini juu kwa visa na kwa vifo, na hii inauma zaidi manake ni kansa ambayo unaweza kuikamata kabla haijawa kansa, daktari akiingiza kamera anakuta kinyama kinachoota ndani ya utumbo anakikata pale pale, hadithi inaishia hapo.

Ila msikimbilie kusema kijiji ni sumu. Kuna utafiti mkubwa ulianza mwaka 1993 majimbo ya Iowa na North Carolina, unafuatilia wakulima wanaopulizia dawa mashambani pamoja na wake zao, watu karibu 89,000. Walichokiona ni kwamba wakulima kwa jumla wanapata kansa chache kuliko watu wengine wa majimbo yao, kwa sababu wanavuta sigara kidogo na miili yao inafanya kazi, lakini kansa ya tezi dume ilikuwa juu kwao, pamoja na aina nyingine chache. Kwa hiyo hata ndani ya kaunti moja ya kijijini mkulima na mchimba makaa ya mawe sio mtu mmoja.

Kuna mitego miwili kwenye hizi namba ambayo lazima niiseme maana ndo inawadanganya watu kila siku.

Mtego wa kwanza ni umri. Kansa nyingi za wanaume ni za uzeeni, na vijijini ndiko wazee waliko. Angalia hapa kwetu Kenya, kijana anakuja Nairobi ana miaka 22, anahangaika, anastaafu, anarudi ushago. Ukihesabu kansa bila kujali umri, Nairobi itaonekana safi kwa sababu imejaa vijana, na kaunti ambayo wazee wamerudi itaonekana imelaaniwa. Ndo maana viwango vya maana vinasawazishwa kwa umri: wanachukua kiwango cha kila rika, miaka 40 hadi 44, 45 hadi 49 na kuendelea, halafu wanapigia hesabu kana kwamba kaunti zote zina mchanganyiko mmoja wa vijana na wazee. Marekani wanatumia mchanganyiko wa watu wao wa mwaka 2000. Kama jedwali halisemi limesawazishwa kwa umri, basi kulinganisha mjini na kijijini kwa hilo jedwali ni kupoteza muda.

Mtego wa pili ni udogo wa kaunti, na huu ndo naupenda kuliko yote. Watu wa takwimu Marekani walichora ramani za vifo vya kansa ya figo kwa wanaume miaka ya 1980, kaunti kwa kaunti. Wakatia rangi zile zenye viwango vya chini kabisa, nyingi zikawa za vijijini katikati ya nchi, na ukiona hivyo unasema ahaa, hewa safi, chakula cha shamba, maisha matulivu. Kisha wakatia rangi zile za juu kabisa. Nazo nyingi ni za vijijini, katikati ya nchi pale pale, majirani wa zile za kwanza! Sasa hapo utasema umaskini na hospitali ziko mbali? Sababu ni hesabu tu. Chukua kaunti ya mfano yenye wanaume 8,000, mwaka huu wanne wanapata kansa fulani, hiyo ni 50 kwa laki moja. Mwakani akiongezeka mmoja tu inakuwa 62.5, kaunti imepanda kwa robo nzima na huyo mmoja pengine ni bahati mbaya tu. Kaunti yenye wanaume 800,000 na visa 400 nayo ni 50 kwa laki moja, lakini akiongezeka mmoja inakuwa 50.1, hakuna atakayeona. Kwa hiyo kaunti ndogo zitakuwa juu kabisa au chini kabisa kila mwaka bila sababu yoyote ya mwilini. Ndo maana Marekani kaunti yenye visa chini ya 16 kiwango chake hakichapishwi, na wachambuzi makini wanajumlisha miaka mitano au wanaunganisha kaunti za vijijini zote kuwa kundi moja kabla ya kusema lolote.

Sasa ukishatoa umri na ukatoa bahati nasibu, lile pengo la vifo bado lipo, na swali ni nini kinawaua wanaume wa vijijini zaidi. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi wa wagonjwa karibu 37,000 walioshiriki majaribio 44 ya matibabu ya kansa Marekani, wa mjini na wa vijijini, na ndani ya majaribio kila mtu anatibiwa kwa mpango mmoja, dawa ile ile, ratiba ile ile. Tofauti ya kuishi kati ya wa mjini na wa kijijini karibu ikaisha, isipokuwa kwa aina moja ya kansa ya matiti. Mimi hii ndo naiona nzito kuliko takwimu zote hapo juu. Ukimpa mwanaume wa kijijini matibabu yale yale, anaishi sawa na wa mjini. Kinachobaki ni kuchelewa kugundulika na umbali, na umbali sio neno dogo: mionzi ya tezi dume kwa mpango wa zamani ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki nane hivi, na mgonjwa ambaye mashine iko kilomita 150 kutoka shambani kwake anahesabu mafuta, anahesabu siku za kazi, anaamua kuacha katikati. Na hospitali za vijijini zaidi ya 100 zimefungwa huko Marekani tangu 2010.

Kenya nayo ina kaunti, 47, na orodha za "kaunti zinazoongoza kwa kansa" zinazunguka kila mwaka, lakini hapa kuwa makini mara mbili. Rejista za kansa zilizojenga makadirio ya nchi kwa miaka mingi ni za sehemu chache, zinazojulikana zaidi ni ya Nairobi na ya Eldoret. Kaunti ambayo haina rejista ya maana itaonekana na visa vichache hata kama watu wanateketea. Na kinyume chake, wagonjwa wanatoka kila kona kuja kutibiwa Nairobi na Eldoret, kwa hiyo ukihesabu kwa hospitali unaipa kaunti ya hospitali wagonjwa wa watu wengine.

Lakini kuna tofauti za kweli pia. Bomet, hospitali ya Tenwek imeandika kwa miaka mingi wagonjwa wengi mno wa kansa ya umio, ile wengi wanaiita kansa ya koo, hata vijana wa chini ya miaka 30, kitu ambacho ni nadra sana duniani. Eneo hilo ni sehemu ya mkanda unaotoka Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, na wanaume wako wengi humo. Pombe na sigara zinatajwa, na vinywaji vya moto sana vinavyozidi nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha kansa. Wengi wanafika wakati chakula hakipiti tena, hata uji unakwama, na daktari anachoweza kufanya ni kuingiza kijibomba cha waya ili mgonjwa ameze. Mwanaume huyo ataingia kwenye namba ya visa na namba ya vifo ndani ya mwaka mmoja.

Na kama umempeleka mzee wako Nairobi kutibiwa na karani akauliza anakaa wapi, taja kaunti anayoishi, sio kwa ndugu mlikofikia. Rejista inahesabu kwa makazi, na jibu hilo ndo linaamua kisa chake kitaandikwa kwenye kaunti gani.