Sarafu ya Ali bin al-Hasan na Karne Iliyosogea

Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka. Upande mmoja pana jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayokamilisha kina: Ali bin al-Hasan, kisha yathiqu bi-maula al-minan, anamtumaini Bwana wa neema. Mji zilikogongwa pia hautajwi. Kila mwaka unaouona kitabuni kando ya sarafu hizi umetokana na kitu kingine kilichopatikana karibu nazo. Kosa likiingia hapo, orodha nzima ya masultani husogea nalo.

Waliokokotoa kwa kufuata masimulizi ya Kilwa walimpeleka Ali karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo 1974, alimshusha hadi karibu mwaka 1200 kwa kusoma matabaka ya udongo na vyombo vya kigeni vilivyomo. Ilikuwa kazi kubwa na ya uangalifu. Ila sarafu ya shaba ina tabia zake: huzunguka sokoni vizazi na vizazi, huanguka, hufunikwa, kisha mtu akichimba msingi au shimo la choo inarudi juu na kulala upya kwenye udongo wa baadaye. Kaa na mizizi ya minazi nao huihamisha. Tabaka lisilochezewa haliwezi kuwa la kale kuliko sarafu iliyomo, lakini sarafu inaweza kulitangulia tabaka lake kwa miaka mingi sana.

Mwaka 1984 ilifukuliwa hazina Mtambwe Mkuu, pwani ya magharibi ya Pemba: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala kadhaa akiwemo Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari za Wafatimi, waliotawala Misri wakati huo, huandikwa mwaka. Ya mwisho kati ya hizo ni ya 1066.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 1066 hauthibitishi kwamba Ali alitawala kabla ya 1066. Unathibitisha tu kwamba hazina haikufichwa kabla ya mwaka huo, kwani hata mtu wa 1150 angeweza kufukia dinari ya 1066. Kinachomvuta Ali kwenye karne ya 11 ni hoja ya pili: dhahabu hiyo ilikuwa ikiingia pwani kwa biashara, na anayeweka akiba kwa kawaida huchanganya sarafu za zamani na za karibuni. Kama shimo lingefukiwa karne moja baadaye, tungetarajia walau dinari moja ya miaka ya katikati. Haimo. Kwa maoni yangu hoja hiyo inatosha kumwondoa Ali mwaka 1200, na bado nasikitika nikikuta maandishi mapya yanayourudia mwaka huo bila kuitaja Mtambwe.

Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, huletwa kama ushahidi wa ziada. Unasaidia kuonyesha pwani ya wakati huo, basi. Ali hatajwi pale. Na tahadhari kwenye hesabu: mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, kwa hiyo zidisha kwa 0.97 ndipo uongeze 622. Kwa 500 utapata 1107. Ukijumlisha 622 moja kwa moja utapata 1122, na umeshapotea miaka 15.

Naulizwa mara nyingi kwa nini radiokaboni, yaani kupima umri kwa kaboni iliyobaki kwenye mkaa, mbegu au gamba, isimalize ubishi. Kipimo hutoa mwaka mti ulipoota pete ile, si mwaka ulipochomwa. Mkaa wa kiini cha mti mkubwa unaweza kuongeza umri kwa miaka mia, hivyo chagua punje ya mtama au mbegu nyingine ya msimu mmoja. Gamba la chaza hubeba kaboni ya kale ya bahari, na bila kusahihishwa litaonekana kongwe kwa karibu miaka 400. Hata sampuli safi ya karne ya 11 au ya 12 mara nyingi hurudi na kipindi cha miaka mia au zaidi, kwa kuwa mstari wa kusahihishia una mawimbi hapo. Radiokaboni peke yake haitenganishi 1070 na 1150.

Kanuni ile ya sarafu changa kuliko zote inaijibu pia habari inayosambazwa sana, kwamba watu wa Kilwa walifika Australia kabla ya Wazungu. Mwaka 1944 mwanajeshi Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Tano ni za Kilwa kweli. Nne ni za Kiholanzi, na miongoni mwao zipo za karne ya 18. Kama zilianguka pamoja, zilianguka baada ya ile changa kuliko zote kugongwa, hata kama za Kilwa zina miaka mia nane. Kama zilianguka mbalimbali, hakuna tabaka la kutuambia lini, kwa sababu ziliokotwa juu ya mchanga. Ili kudai safari ya karne ya 13 au 14 ingehitajika sarafu ndani ya tabaka lisilochezewa, chini ya jiko au jalala lenye mabaki ya kupimika. Timu iliyorudi huko mwaka 2013 haikupata sarafu nyingine ya Kilwa.