M ya mwembe si M ya mahindi

Mtoto wa jirani yangu hapa Uyole aliniletea daftari lake la mazoezi, ambamo alikuwa ametakiwa kutaja mimea mitano itoayo maua na ambayo majina yake yanaanza kwa herufi moja. Alichagua M, kama ambavyo karibu kila mtoto wa Kitanzania angechagua, akaandika mwembe, mlingoti, msindano, mahindi na mbuni. Majibu yote matano yalipewa alama ya vema, na mama yake akanieleza kwa furaha kwamba mwanawe amejifunza kuwa mimea yetu mingi ni ya "jamii ya M". Maneno hayo nilikwisha kuyasikia kwa muuza miche, nikayasikia tena kwenye maonesho ya wakulima, na safari hii nimeona afadhali niyaandikie.

Mmea utoao maua ni ule unaozaa kwa njia ya ua na kuifunga mbegu yake ndani ya tunda, liwe tunda nono kama embe au kavu kama punje ya ngano. Nyasi nazo zimo, mpunga umo, mgomba umo. Jamii ya mimea ni kundi la mimea yenye asili moja, na wataalamu huitambua hasa kwa kutazama jinsi ua na tunda vilivyojengeka. Hayo yanatosha kwa upande wa mimea, kwa kuwa kosa lenyewe halikuanzia shambani bali limeanzia kwenye lugha.

M iliyo mwanzoni mwa jina mwembe ni kiambishi cha ngeli, ile ambayo zamani tulifundishwa kuiita M-MI na ambayo siku hizi huitwa U-I kwa sababu ya upatanisho wake: mti umeanguka, miti imeanguka. Kiambishi hicho ni cha kale kuliko Kiswahili chenyewe, maana asili yake ni mu- ya lugha za Kibantu, na jirani zetu Wanyakyusa wanacho hadi leo katika umbo la umu- kwa umoja na imi- kwa wingi. Katika Kiswahili ile u imemezwa mbele ya konsonanti, ikabaki m peke yake katika mti, mgomba na mchungwa. Mbele ya irabu imegeuka w, ndiyo maana tuna mwembe na mwarobaini. Hata neno mmea limejengwa hivyo hivyo: M ya kwanza ni kiambishi, ya pili ni ya kitenzi mea, yaani kuota, na ukilitia katika wingi utaona ni M ipi iliyobadilika na ni ipi iliyobaki pale pale: mimea.

Kazi ya kiambishi hiki ninaiona kuwa nzuri sana, na inanisikitisha watu wanapoipita bila kuitazama. Kiswahili hutaja kwanza kile mtu anachokila, anachokinywa au anachokinusa, kisha kwa kuongeza M kinautaja mmea unaokizaa. Tuna embe na mwembe, karafuu na mkarafuu, waridi na mwaridi. Chai huzaliwa na mchai, na kakao ya Kyela huzaliwa na mkakao. Neno linaweza kuwa limetoka mbali kiasi chochote, lakini likifika kwetu likaota mizizi hupewa M kama wenyeji. Pera tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni jina la tunda jingine kabisa, nasi tukapata mpera. Arobaini ni hesabu ya Kiarabu, na kutokana nayo tukapata mwarobaini, mti unaosifiwa kwa kutibu maradhi arobaini. Mkaratusi umetoka kwenye jina alilolitunga mtaalamu wa mimea Mfaransa, L'Héritier, mwaka 1788 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kufunikwa vema, kwa kuwa chipukizi la ua lake huvaa kifuniko kinachodondoka ua linapofunguka. Mti huo huo sisi wa nyanda za juu tunauita mlingoti, kwa kuufananisha na mlingoti wa jahazi, ingawa wengi wetu tunaolitamka jina hilo hatujawahi kuliona jahazi likitweka tanga.

Kwa hiyo kusema kwamba mimea inayoanza na M ni jamii moja ni sawa na kusema kwamba watu wote ambao majina yao yanatanguliwa na neno "Bwana" ni wa ukoo mmoja. Mfano ulio karibu na nyumba zetu ni mchai na mchaichai. Wa kwanza ni ule wa mashamba ya Mufindi na Rungwe, mmea wenye shina gumu ambao ungeachwa bila kuchumwa ungekuwa mti, na ambao maua yake meupe hatuyaoni sana kwa sababu hupogolewa na kuchumwa daima. Wa pili ni nyasi tunazozitia kwenye birika ili chai inukie. Majina yamekaribiana kiasi cha kuchanganya, lakini mimea yenyewe iko mbali sana kwa asili, kwani mchaichai una undugu na mpunga na ngano kuliko ulio nao na mchai.

Jamii za kweli hazizijali herufi zetu. Viazi mviringo vya Uporoto, nyanya, pilipili hoho, biringanya na tumbaku vyote ni jamii moja, Solanaceae, na yeyote aliyewahi kuweka ua la kiazi kando ya ua la biringanya ataamini bila kubishana. Pareto na alizeti ni jamii moja pia, na kile tunachokiita ua moja katika kila mmoja wa mimea hiyo ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyobanana. Kuna pia ndugu ambao kwa bahati tu wote wana M: mkarafuu, mpera, mzambarau na mlingoti ni wa jamii ya Myrtaceae, na mkarafuu na mzambarau wamekaribiana zaidi hata wakawekwa katika jenasi moja, yaani kundi dogo zaidi ndani ya jamii. Hao ni ndugu kwa sababu ya maua na matunda yao, na wangebaki ndugu hata kama lugha yetu ingewaita kwa herufi nyingine. Pale Kitulo, uwanda ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu na ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, okidi za aina nyingi huchanua wakati wa mvua, na katika jina okidi hakuna M hata moja. Viazi vya baadhi ya okidi hizo, vinavyochimbwa na kupelekwa Zambia, huitwa chikanda.

Sasa nirudi kwenye daftari, kwa kuwa ndani yake mna M za namna mbili, na hili ndilo ambalo hasa lilinifanya nishike kalamu. M ya mahindi si M ya mwembe. Mahindi ni wingi wa hindi, na kiambishi chake ni ma-, kile kile kilichomo katika maharage, maboga na matango. Hutaja mazao, hakitaji mmea. Mmea unaozaa mahindi ni mhindi, wingi wake mihindi, jina linaloashiria India ijapokuwa asili ya mmea huo ni Meksiko. Neno hili mashambani kwetu limekaribia kusahaulika, kwa kuwa tunasema "shina la mahindi" na kuridhika, na labda linakwepwa kwa sababu linafanana na Mhindi, mtu wa India, ambaye M yake ni ya ngeli nyingine kabisa, ile yenye wingi wa wa-. Mbuni nao una pacha wake wa kupotosha. Mbuni wa Mbozi, unaozaa buni tunazozikaanga na kuzisaga tupate kahawa, huwa mibuni katika wingi. Mbuni ndege hubaki mbuni, awe mmoja au wawe mia, kwa sababu M yake haitenganishwi na b inayoifuata. Njia ya kupima ni kulitia jina katika wingi: likipokea mi-, hiyo ndiyo M ya mimea.

Hata hivyo mi- haithibitishi kwamba mmea una maua. Msindano huwa misindano, na misitu ya Sao Hill imejaa misindano iliyoletwa kutoka Meksiko, lakini mti huo hautoi ua kamwe. Ile chavua ya njano inayopeperuka kutoka kwenye miti hiyo hutoka katika vikoni vidogo, yaani viungo vya magamba ambavyo mti huo huzalia badala ya maua, na mbegu zake hukaa wazi juu ya magamba ya koni bila kufungwa ndani ya tunda. Jina lake limetokana na majani yaliyochongoka kama sindano, likapewa M kwa haki kabisa, kwa sababu ngeli haimuulizi mti kama unachanua.

Nilimwambia mtoto kwamba mwembe, mlingoti na mbuni viko sahihi na avibakize kama vilivyo. Mahindi ayafute aandike mhindi, na mahali pa msindano aweke mpera, ule ulio nyuma ya jiko lao, ambao siku ile ulikuwa umechanua. Kwa mama yake niliomba jambo moja tu, kwamba pale aliposema "jamii ya M" aseme "majina ya ngeli ya U-I", naye akalirudia mara mbili taratibu ili asilisahau.