Padri wa Paris hakubuni lugha ya ishara

Jioni kwenye feri ya Likoni, vijana viziwi wakizungumza kwa mikono, hakosi mtu wa kusema: “Lugha hiyo ilibuniwa na padri Mfaransa.” Nimelisikia mara nyingi. Si kweli.

Padri mwenyewe ni Charles-Michel de l'Épée. Miaka ya 1760 alianza kufundisha watoto viziwi mjini Paris, maskini wakisoma bila ada. Kwa zama zile lilikuwa jambo kubwa, na heshima yake haipungui hata chembe. Lakini viziwi wa Paris walikuwa na ishara zao tayari. Padri alijifunza kwao, kisha akaongeza ishara za kufundishia sarufi ya Kifaransa. Pierre Desloges, kiziwi aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu, alilieleza hilo kwa maandishi mwaka 1779: wenzake waliongea mambo yote kwa mikono, hata wasiokanyaga shule.

Lugha ya Ishara ya Kenya nayo ni nyingine, ina sarufi yake. Katiba ya 2010 imeiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kiziwi wa Likoni akienda Paris, itambidi ajifunze upya.