Fedha za kufufua eneo la uwanja, na fedha za uwanja wenyewe

Mechi ya Manchester United ikiisha katika vibanda vya mpira vya Malindi, hukosi kusikia kwamba serikali ya Uingereza inaijengea klabu hiyo uwanja mpya. Sivyo, na kosa hilo limeshaingia hata tunapojadili viwanja vyetu.

Fedha za umma za kufufua eneo hugharimia yaliyo nje ya ukuta wa uwanja: barabara, mitaro, maji, stesheni, nyumba, kusafisha ardhi iliyochafuliwa na viwanda. Huja kwa ruzuku, kwa mkopo, au kwa kukopa pesa zitakazolipwa kwa kodi ya serikali inayotarajiwa kuongezeka baadaye.

Ukuta ndio mpaka. Machi 2025 United ilitangaza mpango wa uwanja wa watu 100,000 wa takriban pauni bilioni 2, ikasema gharama hiyo ni juu yake. Serikali iliunga mkono kazi ya nje, ambayo inategemea sana kuhamishwa kwa kituo cha treni za mizigo kilicho jirani. Kisipoondoka, ardhi haitoshi. London mambo yalikuwa mengine. Uwanja wa Olimpiki ya 2012 ulipogeuzwa kuwa wa mpira, gharama ilipita pauni milioni 300, na klabu ya West Ham ikachangia milioni 15. Pale fedha za umma ziliingia hadi kwenye viti vinavyosogezwa kupisha riadha, kazi inayokula mamilioni kila mwaka. Uwanja ni wa umma na klabu ni mpangaji, kwa hiyo hasara hubaki kwa umma.

Kwetu Kenya, Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti vifaa vya michezo, barabara za kaunti na maji ya mvua mjini. Barabara kuu ni za serikali ya taifa. Uwanja mmoja Malindi ungetegemea bajeti mbili zinazopitishwa na mabunge mawili. Ukuta ukimalizika kabla ya mtaro, maji ya masika yanahamia nyumba za jirani.

Na jirani huyo mara nyingi ana nyumba bila ardhi, mtindo wa Pwani tangu zamani: nyumba yake, kiwanja cha mwingine ambaye yeye humlipa kodi ya ardhi. Ardhi ikitwaliwa, mwenye hati ndiye anayetambuliwa kwanza. Kifungu cha 40(4) cha Katiba kinaruhusu wakaaji wa nia njema wasio na hati walipwe fidia, lakini hakilazimishi. Ndiyo maana orodha ya wenye nyumba iandikwe, kwa picha na vipimo, kabla ya tangazo la utwaaji kutoka katika Gazeti la Serikali. Likishatoka, kila kibanda kipya kinatiliwa shaka, na vya zamani vinaponzwa navyo.

Basi mtu akisema serikali imetoa pesa za uwanja, muulize taratibu: za ndani ya ukuta au za nje? Kama ni za nje, ni ruzuku au mkopo, na ardhi inabaki mikononi mwa nani?